Presha Isiyolala: Shinikizo la Damu la Usiku na Hatari kwa Moyo, Kisii na Nyamira

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Kisii mbele ya walimu, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wananchi

 

Niliombwa nizungumze kuhusu presha. Nami niliomba ruhusa nizungumzie nusu yake tu, ile ya usiku. Ya mchana mmeisikia redioni, kanisani na kwenye foleni za zahanati, na wengi wenu mna kadi zake mfukoni. Ya usiku haisemwi kwa sababu haipimwi. Lengo langu ni kuwaonyesha kwamba kipimo cha kliniki saa nne asubuhi, mgonjwa akiwa ameketi, yu macho, hakitoshi kutuambia moyo wake umo katika hatari kiasi gani. Presha ya usingizini hutabiri vizuri zaidi nani atapata kiharusi na nani moyo wake utachoka mapema. Hapa Gusii tuna sababu zetu wenyewe za kuijali. Nina hoja sita. Baadhi nitakaa nazo, nyingine nitazipita mbio, nanyi mniwie radhi.

Hoja ya kwanza: mtu akilala, presha yake inapaswa kushuka

Kila mtu hapa anajua kwamba presha huandikwa kwa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni nguvu inayobaki kwenye mishipa moyo unapopumua kati ya pigo na pigo. Tunazipima kwa milimita za zebaki. Kliniki ikipata 140 juu ya 90 au zaidi, kwa zaidi ya siku moja, tunasema mtu ana presha.

Lakini namba hizo hazitulii. Zinapanda ukipanda mlima wa Manga, ukigombana na jirani kwa ajili ya mpaka, hata ukimwona tu daktari aliyevaa koti jeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Oxford, Uingereza, waliingiza mrija mwembamba ndani ya ateri ya mkono wa watu waliokubali, wakarekodi presha pigo kwa pigo mchana na usiku. Waliona kwamba mtu akilala, presha inashuka sana, na karibu na kuamka inapanda tena.

Leo hatuingizi mrija kwenye ateri. Kuna mashine ndogo ya kuvaa kiunoni, yenye mkanda unaofungwa mkononi kama ule wa zahanati. Unarudi nayo nyumbani, unakula, unalala nayo. Mchana inajaza upepo kila baada ya dakika 20 au 30, na usiku kila baada ya dakika 30 au 60. Ukisikia inajaa, unaacha mkono utulie hadi imalize. Kesho yake unairudisha, nayo inatoa karatasi yenye mstari wa saa 24. Ili tuuamini mstari huo tunataka vipimo visivyopungua 20 vya mchana na 7 vya usingizini.

Tufanye hesabu pamoja, walimu wa hisabati mnisahihishe. Tuseme mama mmoja ana wastani wa 120 mchana na 106 akilala. Tofauti ni 14, na 14 kwa 120 ni karibu asilimia 12. Huyo yuko salama, kwa kuwa kushuka kwa kawaida ni kati ya asilimia 10 na 20. Sasa tuseme mume wake ana wastani wa 138 mchana na 134 usiku. Ameshuka 4 tu, yaani asilimia 3. Kliniki wamempima 138 wakamwambia, "Baba, uko karibu na mstari, punguza chumvi, rudi baada ya miezi mitatu." Hawakumdanganya. Ila kwa mtu aliyelala, wastani wa 120 juu ya 70 au zaidi tayari ni presha ya usiku, naye ameuvuka mstari huo kwa mbali sana huku kadi yake ikisomeka vizuri. Wapo pia ambao presha yao ya usiku ni kubwa kuliko ya mchana. Hao ndio wanaonipa hofu zaidi.

Mwaka 1988, Eoin O'Brien na wenzake wa Dublin walichapisha katika jarida la Lancet ripoti fupi sana iliyowagawa wagonjwa wa presha makundi mawili: wanaoshuka usiku na wasioshuka. Wasioshuka walikuwa wamepata kiharusi mara nyingi zaidi. Ukurasa ule mdogo ulifungua utafiti ambao haujaisha hadi leo.

Hoja ya pili: moyo usiopumzika usiku huharibika, na kwetu huharibika mapema

Mchuma majani wa Kebirigo akifika kwenye kituo cha kupimia chai hutua kikapu mgongoni. Mgongo unanyooka, mtu anakunywa maji, kesho anaanza upya. Moyo nao hutua mzigo wake usiku. Ukinyimwa nafasi hiyo, misuli ya chumba chake cha kushoto, kinachosukuma damu mwilini mwote, hunenepa kama misuli ya mikono ya mpasua mawe. Mikononi unene huo ni sifa, moyoni ni balaa. Ukuta mnene hukakamaa, haulegei kupokea damu, na damu inarudi nyuma kwenye mapafu. Hapo mgonjwa anaanza kulalia mito miwili, kisha mitatu, kisha anaamka saa nane za usiku akitafuta hewa dirishani. Watu wa nyumbani wanasema ni pumu au ni baridi ya Nyamira.

Ushahidi upo. Katika mji mdogo wa Ohasama, Japani, watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka mingi. Mwaka 2002 waliripoti kwamba kila presha ya usiku ilipopungukiwa na asilimia 5 ya kushuka kunakotakiwa, hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa ilipanda kwa karibu asilimia 20. Hali hiyo ilionekana hata kwa wale ambao presha yao ya saa 24 ilikuwa ya kawaida. Mwaka 2019, jarida la JAMA lilichapisha takwimu za watu 11,135 kutoka Ulaya, Asia na Amerika Kusini, na presha ya usiku pamoja na ya saa 24 zikabaki na uhusiano na kifo na magonjwa ya moyo hata baada ya kuhesabiwa ile ya kliniki. Mwaka uliofuata, Kazuomi Kario na wenzake wa Japani waliripoti kuhusu wagonjwa zaidi ya 6,000: kila presha ya juu ya usiku ilipozidi kwa 20, hatari ya moyo kushindwa kazi ilipanda kwa asilimia 25. Wale ambao usiku wao ulizidi mchana ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya moyo kushindwa kazi.

Mtaniambia hao ni Wajapani. Sawa. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika hospitali za nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya na Marekani mgonjwa wa namna hiyo huwa mzee wa miaka 70 hivi. Chanzo kikubwa hapa kwetu, karibu asilimia 45, kilikuwa presha. Miaka 52 ni mwalimu mkuu aliyebakisha miaka minane kustaafu. Ni mama mwenye mtoto kidato cha pili na shamba la majani chai ambalo bado linalipia karo.

Hoja ya tatu: presha haiko kwenye damu yetu

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo historia ya mahali hapa inapotoa ushahidi ambao vitabu vingi vimeusahau.

Mtasikia ikisemwa kwamba Mwafrika kaumbwa na presha, na kwamba usiku presha yake haishuki vizuri kwa ajili ya asili yake. Kweli, uchunguzi mwingi wa Marekani umeonyesha watu weusi wa huko hawashuki usiku kama wenzao weupe. Lakini kuna daktari aliyekuwa hapa zamani, na alichokiona hakipatani na dhana hiyo.

Aliitwa C. P. Donnison. Alifanya kazi katika hospitali ya wenyeji ya South Kavirondo, wilaya iliyotawaliwa kutoka mji huu wa Kisii na iliyokuwa na Wajaluo, Abagusii na Abakuria. Mwaka 1929 alichapisha katika Lancet vipimo vya presha vya watu 1,000 wa eneo hili. Kwa Wazungu, presha ilijulikana kupanda kadiri umri unavyosonga. Kwa watu wake haikupanda. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Kisha akaongeza jambo ambalo leo hakuna muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Kisii atakayeliamini: katika muda wa miaka miwili hivi, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Mwanafunzi mwangalifu atauliza kuhusu umri, kwa sababu siku zile wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na atauliza kuhusu namna ya kupima. Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo hesabu ya sifuri kati ya 1,800 haifutiki kwa maswali hayo.

Sasa linganisheni. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa hata mara moja maishani. Damu ya ukoo haibadiliki kwa kasi hiyo katika vizazi vitatu au vinne. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Tuna ushahidi mwingine kutoka kwa majirani zetu. Mwaka 1990, Neil Poulter na wenzake walichapisha utafiti uliowafuata Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakiwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Presha za waliohama zilianza kupanda ndani ya miezi ya mwanzo. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo zaidi. Ukoo ni uleule, lugha ni ileile, chakula ndicho kilichobadilika pamoja na kazi na kitanda. Tena mwaka 1997, Richard Cooper na wenzake walipima watu wenye asili ya Afrika Magharibi waliobaki huko na waliotawanyika ng'ambo: presha ilikutwa kwa asilimia 16 ya watu Afrika Magharibi, 26 Karibea na 33 Marekani.

Kwa hiyo mtu akiwaambia, "Ni ya kuzaliwa nayo, utafanyaje," mwambieni asome Lancet ya 1929, mahali palipoandikwa kuhusu kwao.

Hoja ya nne: kinachoizuia presha isishuke tunakijua

Cha kwanza ni chumvi. Figo hutoa chumvi kwenye mkojo. Chumvi ikizidi, au figo zikiwa dhaifu, kazi ya mchana haitoshi, na mwili unaiweka presha juu usiku ili kuisukuma chumvi iliyobaki itoke. Ndiyo maana mtu anayeamka mara tatu au nne usiku kwenda haja ndogo anafaa kupimwa presha kabla ya kuambiwa ni uzee au tezi. Mwaka 1997, watafiti wa Japani waliwapunguzia chumvi wagonjwa ambao presha yao ilikuwa haishuki usiku, nayo ikaanza kushuka. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani wanasema tusizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chumvi isiyojaa kijiko kidogo cha chai. Chumvi ya jikoni mwetu ninyi mnaijua kuliko mimi: ya kupikia, ya kuongeza mezani, ya viungo vya pakiti vinavyotiwa kwenye kitoweo, na ya chipsi za stendi. Upande wa pili tuna bahati: ndizi zetu na mboga za chinsaga na rinagu vina potasiamu, ambayo husaidia figo kutoa chumvi. Shida ni kwamba ndizi tunazipakia lori Nyakoe ziende Nairobi, kisha tunarudi nyumbani na mkate.

Cha pili ni pumzi. Kuna watu wanaokoroma kwa nguvu, kisha kimya kinatanda, pumzi imekatika kwa sekunde kadhaa, kisha wanashtuka wakivuta hewa kwa kishindo. Kila kukatika huko kunaamsha mishipa ya fahamu ya dharura, na presha inaruka. Mhusika hajui. Anayejua ni anayelala naye. (Naona akina mama wanaangaliana. Basi kazi yenu ya leo ni kumwambia daktari, maana mzee hatasema.)

Cha tatu ni dawa za maumivu. Kazi za hapa zinavunja mgongo: kikapu cha majani, mikungu ya ndizi, mawe ya Tabaka. Dukani kila mtu anapewa diklofenaki au ibuprofeni, na wengine wanachomwa sindano kila mwisho wa wiki. Dawa hizo zikitumiwa mfululizo hubakiza chumvi na maji mwilini, huumiza figo na hupunguza nguvu ya dawa za presha. Mara ngapi tumemwongezea mgonjwa kidonge cha pili cha presha bila kumuuliza anameza nini kwa ajili ya mgongo!

Cha nne ni usingizi wenyewe. Presha haishuki kwa sababu ya giza, inashuka kwa sababu mtu amelala. Soja wa zamu ya usiku anayelala mchana, presha yake itashuka mchana, ila usingizi wa mchana ni mfupi na una kelele. Wauguzi wa zamu, madereva wa lori, wanabodaboda wanaosubiri basi la usiku kutoka Nairobi, akina mama wanaoondoka alfajiri kuwahi soko la Daraja Mbili siku za Jumatatu na Alhamisi: usiku wao una saa chache. Nazo kesha za matanga zenye spika za muziki, wiki baada ya wiki, sitazisema zaidi nisije nikafukuzwa kijijini.

Mengine nayataja tu: kisukari kilichoumiza neva, ugonjwa wa figo, pombe nyingi jioni, na ujauzito wenye kifafa cha mimba kinachokaribia, ambapo presha ya usiku huweza kuizidi ya mchana. Mama mjamzito anayeumwa na kichwa usiku na kuona vimulimuli asisubiri kliniki ya Jumanne.

Hoja ya tano: usiku wetu umejaa washukiwa wasio na hatia

Sikuwa na hakika kama niiseme hoja hii mbele ya machifu na wachungaji, lakini nimeamua.

Mtu amelala mzima, ameamka mdomo umekwenda upande na mkono hauinuki. Mwingine hakuamka kabisa. Katika jamii yetu swali la kwanza halijawa "Presha yake ilikuwa ngapi?" Swali limekuwa "Nani?" Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa katika vijiji vya Kisii wakishutumiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, akina mama wanne wazee waliuawa Marani kwa tuhuma zilezile. Sisemi visa hivyo viwili vilianza na presha. Nasema kwamba mahali ambapo kiharusi cha alfajiri hakina maelezo, maelezo mabaya hupata nafasi, na anayelipa ni bibi kizee anayeishi peke yake kando ya shamba la mikaratusi.

Saa za alfajiri na asubuhi ndizo ambazo viharusi na mishtuko ya moyo huwa vingi, kote duniani ambako vimehesabiwa. Sababu inajulikana: presha inapanda kwa kasi mwili unapojiandaa kuamka, damu inakuwa rahisi kuganda, na kwa mtu ambaye presha haikushuka usiku kucha mishipa imeshachoka kabla ya kupanda huko. Wachungaji, hilo mnaweza kulisema kwenye mazishi. Mna dakika 20 za watu waliokaa kimya, jambo ambalo sisi madaktari hatulipati kamwe.

Hoja ya sita: tusisubiri mashine ndipo tuanze

Mashine za saa 24 ni chache na bei yake ni kubwa kwa mwananchi wa kawaida. Hospitali zetu za rufaa za Kisii na Nyamira haziwezi kumvisha kila mtu. Lakini tunaweza kuwachagua wanaoihitaji zaidi: mwenye namba zilizo karibu na mstari huku moyo wake umeanza kunenepa kwenye kipimo cha umeme wa moyo, mwenye kisukari au figo dhaifu, anayekoroma na pumzi kukatika, anayemeza dawa tatu bila mafanikio, aliyepata kiharusi ilhali kadi yake inasomeka vizuri.

Kwa wengine kuna kipimo cha nyumbani. Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha. Pimeni asubuhi baada ya kwenda haja ndogo na kabla ya dawa, kisha jioni kabla ya kulala, siku saba mfululizo, mmeketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkanda kwenye ngozi wala si juu ya sweta. (Sweta la Nyansiongo naliheshimu, lakini livue.) Wastani wa nyumbani ukiwa 135 juu ya 85 au zaidi, nenda hospitali. Kipimo hiki hakipimi usingizi, ila presha ya asubuhi ikiwa juu siku zote, tunapata fununu ya usiku ulivyokuwa.

Kuhusu dawa, naulizwa kila wiki: ninywe asubuhi au usiku? Kulikuwa na matumaini makubwa kwamba kidonge cha usiku kingelinda moyo zaidi. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza wa watu 21,104, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano, haukuona tofauti. Kinywe saa utakayoikumbuka. Kinachosaidia usiku ni dawa inayodumu saa 24 na mtu anayeinywa kila siku, hata siku ambayo hajisikii vibaya. Mwaka 2019 utafiti wa watu weusi 728 katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulitumia mashine hizihizi za saa 24, na ukaonyesha kwamba amlodipini ikichanganywa na haidroklorothiazaidi au na perindoprili hushusha presha vizuri zaidi kuliko mchanganyiko wa hizo mbili za mwisho bila amlodipini. Amlodipini si dawa ya anasa, ni ya bei nafuu. Kikwazo ni rafu tupu ya zahanati, na hapo nawatazama waheshimiwa wawakilishi wadi walioketi mstari wa mbele, kwa heshima zote.

Neno la tahadhari: asitokee mtu aende nyumbani ameze vidonge viwili usiku kwa sababu ya mhadhara huu. Presha ikishuka mno usiku, mzee huanguka akienda chooni, na nyonga iliyovunjika nayo huua.

Tunakokwenda

Nina pendekezo moja kwa chuo kikuu chetu cha Kisii, kwa hospitali zetu na kwa serikali za kaunti zote mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kati ya hao wote, hatuna ramani ya presha ya usingizini. Tuchague watu mia chache kwa bahati nasibu: kutoka nyanda za chai za Nyamira, kutoka mitaa ya mji huu, kutoka Mugirango Kusini kwenye mawe, wake kwa waume, vijana na wazee. Tuwavishe mashine siku moja, tupime chumvi kwenye mkojo wao, tuulize wanalala saa ngapi na wanameza nini kwa ajili ya mgongo. Mashine kumi zinatosha, zikizunguka kwa zamu. Wanafunzi wa uuguzi na udaktari wataifanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi wazee, na wahamasishaji wa afya wanajua kila mlango wa kubisha.

Mwaka 2029 utatimiza miaka 100 tangu Donnison alipochapisha namba zake kutoka wilaya hii. Ningependa mwaka huo zichapishwe nyingine kutoka ardhi hiihii, zilizopimwa na watoto wetu, zenye safu mbili: mchana na usiku. Kabla ya hapo, mwaka huu wa fedha, kila hospitali ya kaunti ndogo ipate angalau mashine moja na mtu mmoja aliyefunzwa kuusoma mstari wake. Bajeti inajadiliwa hadharani. Vikao vya maoni ya wananchi hutangazwa na machifu, na kwa kawaida huhudhuriwa na watu wachache kuliko waliomo humu leo.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Wauguzi wawili wako pale mlangoni na mashine ya kawaida ya presha. Atakayependa apimwe aketi kwanza dakika tano, asije mbio kutoka kwenye chai. Sasa niko tayari kwa maswali, na namwona mama mmoja wa mstari wa tatu ameinua mkono tangu nilipotaja kukoroma. Karibu, mama.